Kutolewa Mrija Si Kutolewa Kizazi

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemuumba mja kwa tone la maji dhaifu kisha akampa umbo na uhai, na tunamwomba amshushie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na aila zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Kuna suala lililofika katika darsa yetu ya Riruta zaidi ya mara moja. Waulizaji wake wengi ni watu wa pwani walioko huku Nairobi kwa kazi na biashara, na wazee wao wako Mombasa, Lamu na Malindi. Kwa hivyo tumeona ni bora tulijibu kwa maandishi, lisomwe huku na huko. Suala lenyewe ni hili:

Mwanamke ana mimba changa. Ameshikwa na maumivu makali ya tumbo, amepelekwa hospitali, na daktari amesema mimba imetunga ndani ya mrija, kwa hivyo sharti apasuliwe na mrija uondolewe. Je, yajuzu? Si kuua mtoto huko? Si kukata kizazi alichopewa na Mola wake? Na akiisha kutolewa mrija, atazaa tena, au ndio mwisho wa uzazi wake na wa afya yake?

Jawabu, kwa ufupi, ni kwamba yajuzu; bali daktari mjuzi akisema kuwa roho yake imo hatarini, kumchelewesha ndiko kusikojuzu. Si kuua mtoto, wala si kukata kizazi. Na mwanamke aliyetolewa mrija mmoja, aghlabu mlango wake wa uzazi haukufungwa. Sasa tuyaeleze haya moja moja, kwani jawabu fupi humtosha mwenye kutulia, na mwenye hofu huhitaji kuonyeshwa njia.

Fitina ya kwanza katika jambo hili imetokana na neno. Lugha yetu ni pana, lakini hapa imetuponza. Neno kizazi twalitumia kwa tumbo la uzazi, na kwa uwezo wa kuzaa, na kwa watoto wenyewe, na hata kwa watu wa zama moja. Basi daktari akisema atatoa mrija, muuguzi akaja nje akasema mgonjwa atatolewa kitu katika kizazi, mavyaa husikia kuwa mkaza mwanawe atolewa kizazi. Habari ikifika Mombasa kwa simu, imekwisha kuwa fulani amekatwa kizazi, hazai tena. Hivyo watu wakafanya msiba wa jambo ambalo halikutokea, na pengine wakazuia tiba kwa ajili ya neno tu.

Yapasa basi tujue maumbile yalivyo. Mwanamke ana tumbo moja la uzazi, ambamo mtoto hukaa na kukua. Kila upande wa tumbo hilo ana ovari moja, nayo ndiyo yenye mayai na ndiyo itoayo vichocheo vinavyoleta hedhi na kuuweka mwili wa kike katika hali yake. Baina ya ovari na tumbo la uzazi kuna mrija, mmoja kulia na mmoja kushoto, na urefu wa kila mmoja ni kiasi cha sentimita 10 hivi. Mirija hii katika vitabu vya tiba vya Ulaya imeitwa kwa jina la Gabriele Falloppio, mwalimu wa Padua huko Italia, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1561. Kazi ya mrija ni kuwa njia: hulipokea yai, ndani yake yai hukutana na mbegu ya mume, kisha hulisukuma mpaka tumbo la uzazi. Mrija si tumbo la uzazi, wala si ovari. Haufanyi hedhi, wala haufanyi vichocheo. Ukiondolewa, tumbo la uzazi liko pale pale, na ovari ziko pale pale.

Mara nyingine, kwa kadari yake Mwenyezi Mungu, yai lililokwisha kuchavushwa hukwama njiani likatunga mumo humo katika mrija. Hii ndiyo mimba iliyotunga nje ya tumbo la uzazi. Matabibu hukadiria kuwa katika kila mimba 100 hutokea kiasi cha 1 au 2 za namna hii, na zaidi ya 90 katika 100 za mimba hizo huwa katika mrija. Jambo hili halikuanza leo, wala kulieleza hakukuanza kwa Wazungu. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, ameeleza katika kitabu chake cha tiba habari ya mwanamke ambaye mtoto alimfia tumboni mahali pasipokuwa pake, kisha kitovuni pakavimba, pakapasuka, na mifupa ikatoka. Wanahistoria wa tiba huihesabu habari hiyo katika maelezo ya mwanzo kabisa ya maradhi haya. Lakini zama hizo na karne nyingi baadaye, mrija ukipasuka mwanamke alikuwa hana wa kumwokoa ila Mola wake. Ni mwaka 1883, katika mji wa Birmingham, Uingereza, ndipo mpasuaji Robert Lawson Tait alipofaulu kuuondoa mrija uliopasuka na mgonjwa akaishi. Basi upasuaji huu unaoogopwa na watu ndio uliofanya maradhi ya kufisha kuwa maradhi ya kutibika.

Mrija ni mwembamba, haukuumbwa kunyooka kama tumbo la uzazi. Mimba ikikua ndani yake, aghlabu baina ya wiki ya 6 na ya 8, mrija huweza kupasuka, na damu humwagika ndani ya tumbo. Hapo ndipo penye hatari, kwani damu hiyo haionekani kwa nje. Mwanamke huweza kufa kwa kutoka damu hali ya kuwa kanga yake ina matone machache tu, na walio karibu naye husema mbona damu si nyingi.

Dalili zake kila mama na kila mume yampasa azijue: hedhi imechelewa, tumbo la chini lauma, na mara nyingi kwa upande mmoja, damu kidogo yatoka isiyofanana na hedhi, kichwa chazunguka, au mgonjwa azimia, na pengine ncha ya bega yauma bila ya kuumia, kwa sababu damu iliyomwagika tumboni husumbua utando ulio chini ya mapafu. Mwanamke mwenye kuweza kushika mimba akipatwa na dalili hizi, hata kama hajui kuwa ana mimba, apelekwe hospitali siku ile ile. Akizimia, apelekwe saa ile ile.

Je, sisi hufanya nini? Mara nyingi husema ni chango. Mwanamke hukandwa tumbo na kunyweshwa mizizi. Wengine husema ni pepo ataka kiti chake, wakaitisha ngoma. Wengine huandikiwa kombe wakanywa, wakangoja. Sisi hatukatazi dua wala kusoma Qur'ani kwa kutaraji shifaa, kwani hiyo ni rehema kwa waumini. Tunalokataza ni kuifanya dua kuwa sababu ya kumzuia mgonjwa asifike kwa tabibu. Mtume, sala na amani zimshukie, aliamrisha watu wajitibu na akafundisha kuwa hapana maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshwa pamoja na dawa yake, ila uzee. Mwenye kumkanda tumbo mwanamke ambaye mrija wake umepasuka, hali hajui, huenda akamwongezea kutoka damu kwa mikono yake mwenyewe.

Katika mitaa hii ya Riruta na Kawangware, kituo cha afya huweza kupima mkojo, kutazama shinikizo la damu, na kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. Upasuaji mkubwa si kazi ya kituo. Mgonjwa hana budi apelekwe hospitali kubwa, kama Mbagathi au Kenyatta, na njia huku Nairobi, kila mtu aijua, haiendi kwa haraka. Saa tunayoipoteza nyumbani kwa kushauriana hatuna pa kuirudishia barabarani.

Sasa tuje katika hukumu. Wasemao kuwa huku ni kuua mtoto, na wafahamu kwanza kwamba mimba iliyo ndani ya mrija haina njia ya kufikia kuzaliwa. Hapana tabibu hata mmoja awezaye kuihamisha kuipeleka katika tumbo la uzazi. Ikiachwa, ama hufa yenyewe, ama hupasua mrija ikafa pamoja na mama yake. Kwa hivyo hapa hatuna nafsi mbili za kuchagua baina yao. Tuna nafsi moja iwezayo kuokoka, na mimba isiyoweza. Tena mimba hizi hugunduliwa katika wiki za mwanzo, kabla ya siku 120 ambazo hadithi sahihi imefundisha kuwa ndipo roho hupulizwa. Na hata katika mimba iliyo mahali pake, Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa al-Azhar tangu mwaka 1958 hata alipofariki mwaka 1963, ameeleza kuwa ikithibitika kwamba kubaki kwake ni mauti ya mama, sharia yaamrisha kuchukua dhara iliyo nyepesi, kwani mama ndiye shina, na shina haliuawi ili kuliokoa tawi. Ikiwa hivyo ndivyo kwa tawi linaloweza kuishi, itakuwaje kwa lisiloweza?

Na wasemao kuwa ni kukata kizazi, na watazame mpango wa sharia yenyewe. Imamu Ghazali ametaja mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Nafsi imetangulia kizazi. Mwenye kuilinda mirija akaipoteza nafsi, hakukilinda kizazi wala nafsi, maana maiti hazai.

Na katika Sunan ya Abu Dawud kuna kisa ambacho twamwomba kila msomaji akiweke moyoni. Mtu mmoja katika masahaba alikuwa safarini, akapigwa jiwe kichwani akajeruhiwa. Kisha akawa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume, sala na amani zimshukie, aliwalaani kwa kauli kali, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akafundisha kuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza. Zingatieni, ndugu zangu. Watu wale hawakuwa waovu, bali walitaka kuihifadhi ibada. Lakini walitoa fatwa katika jambo lenye upande wa maradhi hali ya kuwa hawajui maradhi, na nia njema haikuwaondolea lawama. Basi na aogope kila mzee, na kila mwalimu wa chuo, na kila jamaa anayepigiwa simu usiku akaulizwa kama binti apasuliwe, asije akatoa neno la kumzuia kisha akaulizwa juu yake siku ya kiyama.

Wengine husema daktari si Mwislamu, vipi tutaitegemea kauli yake? Twajibu kuwa Mtume mwenyewe katika Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia, naye wakati ule alikuwa katika dini ya makureshi. Na Ibn al-Qayyim ametoa katika kisa hicho dalili ya kufaa kumtegemea asiyekuwa Mwislamu katika tiba na mfano wake, akiwa ni mjuzi mwaminifu. Wengine husema daktari ni mwanamume. Akipatikana mwanamke mjuzi, huyo ndiye atangulizwe. Asipopatikana, au kumngoja kuna hatari, dharura huhalalisha kwa kadiri yake, na vitabu vyetu vya Kishafii havikuliacha jambo hili bila ya kulieleza.

Na idhini ni ya nani? Ni ya mgonjwa mwenyewe, akiwa ni mtu mzima mwenye akili. Sharia ya afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mganga amweleze mgonjwa na kupata idhini yake yeye. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na kifungu cha 26 chaitambua hatari ya maisha na afya ya mama. Ni adabu na ni mapenzi kumshauri mume na wazazi. Lakini mume akiwa Oman au Dubai kazini na simu yake haishikwi, hapana andiko la dini linalosema mke afe huku akingoja idhini ya mumewe. Na heri ya yote ni mume amwambie mkewe mapema, wangali katika uzima, kuwa likitokea la kutokea asingoje neno lake.

Haya ndiyo ya hukumu. Sasa tueleze yanayokuwa baada ya upasuaji, kwani hofu nyingi ziko hapo.

Twataka kwanza ijulikane kuwa si kila mimba ya mrija hupasuliwa. Ikigunduliwa mapema, kabla ya mrija kupasuka, na ikiwa ndogo, madaktari huweza kuiyeyusha kwa sindano ya methotreksati na kumpima mgonjwa damu mara kwa mara mpaka wahakikishe imekwisha. Hii ni sababu nyingine ya kutochelewa: anayewahi hupata njia nyingi, na anayechelewa hubaki na moja.

Akitolewa mrija mmoja, na wa pili ukawa mzima, mwanamke huyu huendelea kupata hedhi yake na huweza kushika mimba. Hata yai litokalo katika ovari ya upande usio na mrija pengine hupokewa na mrija wa upande wa pili. Ni katika ajabu za umbo la Mwenyezi Mungu. Uchunguzi uliofanywa Ulaya na kutangazwa mwaka 2014 uliwafuata wanawake 446 waliokuwa na mimba ya mrija na ambao mrija wao wa pili ulikuwa mzima. Baadhi yao mrija uliondolewa wote, na baadhi yao ulipasuliwa ikatolewa mimba na mrija ukaachwa. Katika muda wa miaka 3, walioondolewa mrija walipata mimba kwa njia ya kawaida kiasi cha 56 katika 100, na walioachiwa kiasi cha 61 katika 100, na tofauti hiyo wachunguzi hawakuihesabu kuwa kubwa ya kutegemewa. Basi yuko wapi huyo aliyekatwa kizazi?

Lakini tusidanganyane. Aliyepata mimba ya mrija mara moja ana hatari zaidi ya kuipata tena kuliko mwingine, na madaktari huikadiria kuwa kiasi cha 1 katika 10. Kwa hivyo mwanamke huyo akikosa hedhi tu, asingoje. Aende hospitali katika wiki ya 6 au ya 7 akapigwe picha ya tumbo, ionekane mimba imetunga wapi. Na aichukue karatasi yake ya upasuaji siku ya kutoka hospitali, ajue ni mrija wa upande gani ulioondolewa na wa pili ulikuwa katika hali gani, kisha aihifadhi kama anavyohifadhi hati ya ndoa.

Akitolewa mirija yote miwili, hapo kuzaa kwa njia ya kawaida kumekwisha. Yapasa lisemwe wazi, wala asiuziwe mizizi ya kuotesha mirija. Hata hivyo hakuzeeka, wala hedhi yake haikukatika kwa sababu hiyo, kwani ovari zake zipo. Na tumbo lake la uzazi lipo. Ipo njia ya kulikutanisha yai na mbegu ya mume nje ya mwili kisha kulirejesha katika tumbo la mke. Mtoto wa kwanza wa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, na mama yake mirija ilikuwa imeziba. Hapa Nairobi watoto wa kwanza wa namna hii walizaliwa mwaka 2006. Wanavyuoni wameitazama njia hii. Sheikh Jad al-Haq alitoa fatwa yake Misri mwaka 1980, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Amman mwezi wa Oktoba 1986 liliijuzisha kwa sharti kuwa mbegu ni ya mume na yai ni la mke na tumbo ni la mke huyo huyo, na ndoa yao ingaliko. Mbegu ya mtu mwingine, au yai la mwanamke mwingine, au tumbo la kukodi, hata liwe la mke mwenza, ni haramu. Gharama yake ni kubwa, mamia ya maelfu ya shilingi, na si kila anayejaribu hupata. Asiye na uwezo hana dhambi wala aibu kwa kuiacha.

Na iko hali ambayo mrija ulioharibika kwa maradhi ukajaa maji huzuia hata njia hiyo, na daktari akashauri uondolewe kwanza. Huko kuuondoa ni kutafuta mtoto, si kumkimbia.

Lakini mambo haya yasichanganywe na jambo jingine, nalo ni mwanamke mzima asiye na maradhi kuondolewa au kufungwa mirija ili asizae abadani. Baraza hilo hilo lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988 lilikata kuwa kuondoa uwezo wa kuzaa kwa mwanamume au mwanamke ni haramu pasipokuwa na dharura inayokubaliwa na sharia, na likajuzisha kupanga uzazi kwa njia ya muda, kwa mashauri ya mume na mke na bila ya dhara. Dharura ni kama mwanamke ambaye madaktari waaminifu wamethibitisha kuwa mimba nyingine itamwangamiza, au ambaye katika ukoo wake saratani ya ovari imerithiwa. Imejulikana sasa kuwa nyingi katika saratani hizo huanzia katika ncha ya mrija, na kwa hivyo kuiondoa hupunguza hatari yake. Mwenye hali kama hiyo na aulize daktari na mwanachuoni pamoja.

Na vibaya kuliko vyote ni mwanamke kufungwa mirija pasi na kuelezwa wala kuridhia. Jambo hili limetokea katika nchi hii, na mwezi wa Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikata kuwa kumfunga mirija mwanamke aishiye na virusi vya ukimwi bila ya idhini yake ya kweli ni kuvunja haki zake. Kwa hivyo tunapowahimiza watu waende hospitali hatuwaambii watie sahihi wasilolijua. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: Ni mrija upi? Ni mmoja au yote miwili? Kwa nini? Daktari mwaminifu hachoki kujibu.

Katika ibada kuna mambo ambayo kina mama hutuuliza. Mwenye jeraha lililofungwa, maji yakimdhuru, huosha palipo pazima, hupangusa juu ya kitambaa kwa maji, na hutayamamu kwa ajili ya pasipooshwa. Asijitese, na akikumbuke kile kisa cha mtu wa safarini. Akiwa katika Ramadhani hula, na atalipa akipona. Na katika eda, mwanamke aliyetolewa mirija, hata yote miwili, maadamu apata hedhi, akiachwa eda yake ni ya mwenye hedhi kama ilivyo katika Sura ya Al-Baqara, Aya ya 228, nayo kwa madhehebu yetu ni tohara tatu. Hageuki kuwa kama aliyekoma hedhi, aliyetajwa katika Sura ya At-Talaq. Wako waliowapa wanawake hawa hesabu ya miezi kwa kudhani kuwa wamekatwa kizazi. Tazameni jinsi neno moja lisilofahamika lilivyoingia mpaka katika ndoa za watu.

Sasa tuna neno kwa waume. Sababu kubwa ya mirija kuharibika ni maradhi ya kuambukizwa kwa zinaa, kama klamidia na kisonono, ambayo huingia kimya kimya na kuacha makovu ndani. Wako wanawake wasafi, hawakuwajua wanaume ila waume zao, na maradhi haya wameletewa nyumbani. Kisha mume yule yule akasimama mbele ya watu akasema mke wangu hazai, nataka mwingine. Na aogope kusimama mbele ya Mola wake. Na kabla ya mume yeyote kumtupia mkewe lawama ya kutozaa, na apimwe yeye kwanza, kwani kasoro huwa kwa mume mara nyingi kama inavyokuwa kwa mke.

Na tuna neno kwa mavyaa na mawifi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Ash-Shura amefundisha kuwa yeye ndiye mwenye kugawa: humpa amtakaye wana wa kike, na amtakaye wa kiume, na wengine akawachanganyia, na wengine akawafanya hawana. Basi anayemcheka asiyezaa hucheka mgawo wa Mwenyezi Mungu. Mama wa waumini Bibi Aisha hakuzaa, na umma mzima umemwita mama na kuchukua dini kutoka kwake. Mkaza mwana aliyetoka hospitali na mshono tumboni amefiwa na mimba aliyoitaraji, na ameiona mauti karibu. Ahitaji uji, mapumziko na neno jema. Kumwambia amepungua uke wake ni uongo wa tiba, na ni dhulma.

La mwisho ni la sote, nalo ni damu. Mwanamke ambaye mrija wake umepasuka huhitaji damu ya watu wengine ili afike katika chumba cha upasuaji akiwa hai, na damu haitengenezwi kiwandani. Sisi ni wepesi wa kuchanga fedha za sanda na hitima. Na tuwe wepesi vile vile wa kwenda kutoa damu kabla ya sanda kuhitajika, kwani Qur'ani katika Sura ya Al-Maida imeihesabu nafsi moja iliyookolewa sawa na watu wote. Darsa yetu imeazimia kuwa vijana wake watakwenda kutoa damu, na twawaomba wenzetu wa misikiti ya Mombasa, Lamu na Malindi wafanye kama hivyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape watoto wema wanaowatamani, awape subira na heshima waliokoseshwa, na atukinge na kusema tusilolijua. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.